Daftari lililovuka ziwa kabla yangu: Mwaka wetu wa safari, urafiki na michoro

“Mama, unaniumiza mkono.”

Binti yangu aliniambia hivyo tukiwa kwenye foleni ya kupanda meli ya Nansio, bandari ya Mwanza, likizo ya Desemba mwaka jana. Kumbe nilikuwa nimemkamata kiganja kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa na miaka 11. Mimi nilikuwa na miaka 37, mzaliwa wa Mwanza, na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda meli.

Mtu wa Dodoma akisikia hivyo atacheka. Mtu wa Mwanza hatacheka, maana kila mtaa wetu una nyumba inayojua sababu.

Mwezi huu umetimia mwaka mmoja tangu familia yetu ianze jambo dogo ambalo hatukulipanga. Nimeona niwaandikie wazazi wenzangu, si kwa sababu tulifanya makubwa. Hatukwenda Zanzibar wala Dubai. Safari zetu zote zilikuwa za kuzunguka ziwa hili hili tunaloliona kila siku tukiwa kwenye daladala. Lakini mwaka huo umembadilisha mtoto wangu, na mimi pia umenibadilisha.

Jirani alipohama

Chanzo ni urafiki. Binti yangu alikuwa na rafiki yake wa tangu chekechea. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja na mti wa mwembe. Walikwenda shule pamoja, walirudi pamoja, na jioni walikuwa kwetu au kwao, mpaka nikazoea kupika ugali wa mtu mmoja zaidi.

Juni 2024 baba wa rafiki huyo, ambaye ni mtumishi wa serikali, akapata uhamisho kwenda Ukerewe. Ndani ya wiki mbili vyombo vikapakiwa, watu wakaondoka.

Watu wazima tumezoea kuhamishwa. Tunasema “ndiyo kazi” na tunaendelea. Sikutambua kwamba mtoto hana neno la namna hiyo. Binti yangu hakulia. Alinyamaza tu. Akawa anarudi shule, anakula, analala. Mwalimu wake aliponiita mwezi Julai alinieleza kwamba matokeo yake yameshuka, na kwamba wakati wa mapumziko hukaa peke yake chini ya ngazi.

Kwanza nikajaribu simu. Nikawa nanunua bando wanapigiana Jumamosi. Ilikuwa kama mahojiano: “Mambo?” “Poa.” “Unafanya nini?” “Hamna.” Baada ya dakika tatu wananirudishia simu. Watoto hawa hawakuwa marafiki wa kuongea. Walikuwa marafiki wa kufanya vitu pamoja.

Wazo la daftari halikuwa langu. Ni la kwao wenyewe. Walikuwa na mazoea ya kuchora katuni kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya shule, jambo ambalo mimi na mama mwenzangu tuliwagombeza sana. Siku moja baba wa rafiki alikuja Mwanza kikazi, akapita kutusalimia, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na daftari kubwa la kaunta, jipya. Ukurasa wa kwanza ulichorwa nyumba yao mpya, mchungwa uani, na mbuzi mwenye uso wa mwalimu mmoja wanayemjua. Chini iliandikwa: “Zamu yako.”

Binti yangu alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa wiki saba.

Tangu siku hiyo daftari likawa linakwenda na kurudi. Mzee akija mjini analileta, akirudi analichukua. Sheria ni moja: kila zamu lazima mchoraji achore mahali alipofika, si kitu alichokiona kwenye simu. Na hapo ndipo mimi nilipobanwa. “Mama, sina cha kuchora,” binti yangu aliniambia. “Sisi hatuendi popote.”

Alikuwa anasema kweli.

Safari za karibu

Mimi na baba watoto tukakaa tukapiga hesabu. Tukaweka kopo jikoni, kila wiki tunatumbukiza kiasi kidogo, na sikukuu za kitaifa zikawa ndizo siku zetu za kutoka.

Ya kwanza ilikuwa Nane Nane. Badala ya kwenda kwenye maonyesho kama kila mwaka, tulipanda daladala hadi Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, tukapanda kilima hadi Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Nimeishi Mwanza maisha yangu yote na sikuwahi kufika. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyewapenda Wasukuma na ngoma zao kiasi cha kujenga hata kanisa kwa umbo la mviringo kama nyumba ya jadi. Watoto waliona ngoma za watemi, zana za wahunzi, na wakasikia habari za Wagalu na Wagika, vikundi viwili vya ngoma ambavyo vimeshindana kwa vizazi. Mdogo wao wa kiume, mwenye miaka saba, alitaka kujua kama yeye ni Mgalu au Mgika. Nikampigia simu bibi yake Sengerema. Bibi akaongea naye nusu saa nzima. Ni mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Ya pili ilikuwa tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Binti yangu alisema anataka kwenda Kisiwa cha Saanane.

Saanane unakiona ukiwa Capri Point. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, lakini historia yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1964 ilianzishwa pale bustani ya wanyama, na kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo akilima na kuvua. Kwa boti ni kama dakika kumi. Dakika kumi tu. Lakini ni majini.

Jambo nisilowaambia watoto

Tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa darasani watu walipoanza kukimbia kuelekea ziwani. MV Bukoba ilikuwa imepinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu walikuwa ndani yake.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa akifanya biashara ya ndizi kutoka Bukoba. Kila akirudi aliniletea kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, na mama alikuwa akimgombeza kwamba mtoto hatalala. Hatukumpata. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, na familia yetu ikaamua kuamini kwamba naye yupo huko.

Tangu hapo nyumbani kwetu ziwa likawa la kutazamwa. Kivuko cha Kigongo nilivuka pale tu palipokuwa na msiba au ugonjwa kwa wakwe, nikisimama katikati, macho chini, midomo ikisali. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220, nilijiambia kwamba nilikuwa sahihi. Watoto wangu hawakujua lolote la baba mdogo. Walijua tu kwamba mama hapendi maji.

Kwa hiyo siku ile Capri Point nilisema mimi nitabaki ufukweni na mikoba. Binti yangu hakubishana. Alivaa jaketi okozi, akapanda boti na baba yake na mdogo wake. Nilibaki nimesimama. Nikaona boti inakuwa ndogo, na nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa, nimesimama ufukweni nikisubiri.

Waliporudi walikuwa wamejaa hadithi. Wameona pimbi juu ya mawe, swala, na wale mijusi wa Mwanza wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambao watoto wanawaita “Spiderman”. Jioni binti yangu akafungua daftari. Alichora kisiwa, mawe, mijusi. Kwenye kona ya chini akachora mtu mdogo sana ufukweni, amekumbatia mikoba mitatu.

“Huyu ni nani?” nikauliza, ingawa nilijua.

“Ni wewe.”

Usiku ule niliwasimulia habari za baba mdogo. Niliogopa kwamba ningewatia hofu. Mdogo akauliza kama alikuwa anajua kuogelea. Binti yangu akauliza alikuwa anafananaje. Nikajikuta nacheka nikikumbuka kofia yake ya kitambaa, ambayo hakuivua hata mezani. Kwa miaka 28 nilikuwa nikikumbuka namna alivyokufa tu. Kumbe nilikuwa nimesahau kofia.

Kila njia ina maji

Novemba ulikuja mwaliko: likizo ya Desemba binti yangu aende Nansio. Nikatafuta njia ya kukwepa meli. Nikamweleza kwamba tunaweza kupita Bunda hadi Kisorya kwa basi. Akaleta ramani ya shule, akaweka kidole. “Mama, hapa Kisorya unapanda kivuko hadi Rugezi. Ukerewe ni kisiwa.”

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Hakuna namna ya kufika bila kuvuka maji.

Kufikia hapo daftari lilikuwa limevuka ziwa mara sita. Mimi, hata mara moja.

Ndipo tukajikuta kwenye ile foleni. Ndani ya meli nilikaa karibu na mlango, nikahesabu majaketi okozi, nikayahesabu tena. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu na kapu la nyanya aliniangalia kwa muda, kisha akasema taratibu, “Mwanangu, ni mara ya kwanza?” Nikaitikia. Akaniuliza nilimpoteza nani. Hakuuliza kama nilimpoteza mtu. Naye alikuwa na wa kwake, wa Ukara. “Mimi navuka kila wiki,” akasema. “Kuogopa naogopa. Lakini nyanya haziwezi kuvuka zenyewe.”

Safari huchukua kama saa tatu. Saa ya kwanza nilisali. Saa ya pili nilisinzia. Saa ya tatu binti yangu alinivuta hadi kwenye kingo, nikaona visiwa vinapita na ngalawa za wavuvi wa dagaa zinarudi. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa kutoka ndani.

Marafiki walipokutana

Hapa ningependa kuandika kwamba walikimbiliana na kukumbatiana. Haikuwa hivyo. Walisimama wakatazamana, kila mmoja anachezea kanga ya mama yake. Miezi sita kwa mtoto ni mingi. Mwenyeji alikuwa amerefuka na ana marafiki wapya watatu, wote wanajua kuendesha baiskeli. Binti yangu hajui. Mchana ule walikwenda kuendesha, yeye akabaki barazani na daftari lake mapajani, macho yamejaa machozi.

Nilitaka kwenda kuwaita wale watoto. Mama mwenyeji akanizuia. “Waache, mwenzangu,” akasema. “Hata sisi wawili hatujui tuanzie wapi.”

Alikuwa sahihi. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka minane, na yote tuliyokuwa tumezungumza ni habari za asubuhi, watoto wamekula, na bili ya maji. Siku hiyo tulimenya machungwa hadi jua likazama. Akaniambia kwamba uhamisho ule ulimliza kila usiku kwa mwezi mzima, na kwamba alikuwa akifungua daftari la watoto kabla ya mtoto wake kuliona, kwa sababu ndilo lilikuwa likimletea mtaa wetu.

Asubuhi ya pili niliamshwa na kishindo uani. Binti yangu alikuwa chini, baiskeli juu yake, rafiki yake amekaa kando akicheka hadi anashika mbavu. Goti lilichubuka. Mchana ajali hiyo ilikuwa tayari imechorwa, na wachoraji walikuwa watano, maana wale marafiki wapya nao walidai ukurasa.

Jioni, baba mwenyeji alitusimulia habari za Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa hicho hicho. Alizaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kuhusu mke na mume waliotafuta mtoto kwa muda mrefu. Hakupata wa kuichapa. Alipozeeka akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

“Miaka 35,” mtoto wangu mdogo alihesabu kwa msaada wa dada yake. “Alikuwa anafanya nini muda wote huo?”

“Alikuwa analitunza daftari,” dada yake akamjibu.

Mkeka wa bibi

Pasaka tulikwenda Sengerema kwa bibi, mama mzaa baba watoto. Bibi husuka mikeka kwa ukili. Kila mwaka huwa tunamkuta anasuka, tunamsalimu, tunakaa kwenye viti, tunatazama simu. Mwaka huu binti yangu alikaa chini, akaomba kufundishwa.

Bibi alimfumua mara nne. Hakumsifia hata mara moja. “Ukivuta huku, huku kunalegea,” alisema tu, akarudia. Siku ya tatu mtoto alikuwa na kipande cha urefu wa mkono, kimepinda kama njia ya ng’ombe. Bibi akakishona kwenye mkeka wake mwenyewe, katikati, bila kukinyoosha. Mkeka huo sasa uko sebuleni kwetu. Mimi nami nimetoa sindano yangu ya kufumia vitambaa ambayo sikuigusa tangu nilipoolewa. Mdogo anaunda meli kwa ndala kuukuu, na nyumba nzima tumekuwa tukitafuta ndala zetu asubuhi.

Tarehe 21 Mei mwaka huu tulikwenda Igoma, sisi wanne. Binti yangu alichora kofia ya kitambaa na kahawa kwenye jani la mgomba, akaurarua ukurasa huo kutoka kwenye daftari, akauweka pale chini ya jiwe dogo. Ni ukurasa pekee ambao hautavuka ziwa.

Tulichojifunza

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto aliyenyamaza baada ya rafiki kuhama, haya machache yanaweza kukusaidia.

Usimwambie “utapata rafiki mwingine.” Anaweza kumpata, lakini hajakuuliza hilo. Mtafutie kazi ya kufanya na yule aliye mbali: daftari, hadithi ya zamu, hata kipande cha kufuma kinachopita mkono hadi mkono.

Vifaa visikutishe. Daftari la kaunta, penseli na kifutio vinatosha. Msifie kwa kutazama alichokifanya kwa makini, usimharakishe kuwa bingwa wala kumpeleka kwenye mashindano.

Wakikutana tena wakawa kama wageni, wape siku moja. Usiingilie mapema.

Mkienda ziwani, kila mtoto avae jaketi okozi linalomkaa, akiwemo anayejua kuogelea, na chombo kikionekana kimejaa, subirini kinachofuata. Usiwaache waoge au wachezee maji ya kina kifupi kando ya ziwa, maana kichocho kipo. Akikojoa damu au akilalamika tumbo kwa muda, mwahishe kituo cha afya. Dawa yake ipo.

Na kama una hofu yako ya zamani, waambie watoto jina la mtu aliye ndani yake. Wao wanaiona hofu hiyo hata usiposema, na wanaichora.

Ukurasa wa mwisho

Juni 19 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu. Sikukuu hizi za likizo tumelipita kwenda kwa bibi. Pale nilipokuwa nikisimama nimefumba macho, gari lilipita kwa dakika chache tu. Nilidhani ningefurahi zaidi. Nilifurahi, ndiyo, kwa ajili ya wagonjwa na wajawazito waliokuwa wakisubiri kivuko usiku. Lakini nilijikuta nageuza shingo kuyatazama maji.

Daftari limejaa. Kurasa zake zimekunjamana, moja ina doa la mchuzi wa sato. Rafiki anatarajiwa kuja kwetu wiki ijayo, na swali zito kwenye nyumba yetu kwa sasa ni nani abaki na daftari. Binti yangu amependekeza likae Nansio miezi sita, Mwanza miezi sita.

“Nani atakuwa analipeleka?” nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lenye jibu wazi.

“Wewe, Mama.”